Shajara ya mradi: kamusi ndogo ya nahau za Kiingereza za mambo yaliyopita kiasi

Toleo 0.1: mipaka ya kazi

Kamusi hii ni ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, anayetaka kusema kwamba kitu fulani hakilingani na kingine: ghadhabu kubwa kwa kosa dogo, chombo kizito kwa kazi nyepesi, sehemu inayoiburuza nzima. Kamusi za kawaida humwacha njiani. Humpa "make a mountain out of a molehill", "a storm in a teacup" na "blow something out of proportion", kisha zote huzifasiri kwa maneno yale yale: kukuza jambo dogo. Fasili hiyo si ya uongo, ila haimwambii ni ipi ya kutumia wapi, na hapo ndipo sentensi zinapoharibika.

Kanuni ya mradi ni moja. Kila nahau ya kundi hili ni mizani yenye sahani mbili, na sahani hizo hazibebi vitu vile vile katika kila nahau. Moja hupima hisia dhidi ya tukio, nyingine chombo dhidi ya kazi, nyingine sehemu dhidi ya nzima, nyingine msaada dhidi ya uhitaji. Atakayeweza kutaja kilicho katika kila sahani hatakosea nahau. Asiyeweza ataandika "storm in a teacup" alipokusudia "sledgehammer", nyundo kubwa kwa kazi ndogo.

Kanuni hii ndiyo iliyotumika kuchuja. "Throw the baby out with the bathwater" imeachwa, ingawa orodha nyingi huiweka karibu na hizi: kosa lake si ukubwa, ni kutupa kizuri pamoja na kibaya. "The lion's share" nayo imeachwa, kwa kuwa siku hizi humaanisha tu fungu kubwa kuliko mengine, na fungu hilo laweza kuwa halali kabisa. "Bite off more than you can chew" imeingia, maana sahani zake zinaonekana: ukubwa wa kazi na uwezo wa mtu.

Toleo 0.2: jedwali

Kila nahau inajaziwa safu hizi kwa mpangilio huu: umbo la kikamusi na nafasi zake za kujazwa, sahani mbili, nani analaumiwa, sarufi, rejista (kiwango cha urasmi wa lugha) na nchi, mitego, na mwisho kabisa, maana kwa Kiswahili.

Safu ya Kiswahili imewekwa mwisho makusudi. Ikijazwa kwanza huvuta nyingine zote upande wake. Chukua "kutia chumvi" na "kupiga chuku", ambazo ndizo humjia mtu haraka akisikia "blow out of proportion". Zote mbili zinahusu usemi: msimuliaji ameongeza yasiyokuwapo. Lakini mtu anaweza "to blow something out of proportion" bila kuongeza uongo hata mmoja. Gazeti likichapisha kosa la tahajia la waziri kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, siku nne mfululizo, kila neno laweza kuwa kweli tupu. Kilichokuzwa ni uzito wa jambo, na habari yenyewe imebaki ilivyo. Kwa hiyo safu ya Kiswahili inasema "kulikuza jambo, kulipa uzito usiolistahili", na "kutia chumvi" imehamishiwa kwa "lay it on thick", ambayo kweli ni ya usemi: kusifu, kulalamika au kuomba radhi kupita kiasi.

Toleo 0.3: jamaa ya "proportion"

Hii ndiyo familia yenye manufaa kuliko zote na ndiyo iliyochukua nafasi kubwa zaidi kwenye faili.

Namna ya kukusanya mifano: tafuta kwanza "out of proportion" na "out of all proportion" katika matini, kisha angalia maneno kama manane yaliyotangulia na uone kama kuna "blow", "blows", "blew", "blown" au "blowing". Usitafute "blow out of proportion" kama kifungu kimoja. Katika kauli ya kutenda shamirisho hukaa katikati, na laweza kuwa refu: "They blew the whole business of the missing receipt out of all proportion." Utafutaji wa kifungu kimoja huambulia zaidi ile kauli ya kutendwa, "blown out of proportion", na kumfanya mkusanyaji adhani kwamba hilo ndilo umbo pekee.

Matokeo yanagawanyika mafungu matatu. La kwanza ni lenye "blow". La pili ni lenye vitenzi vingine: "get things out of proportion", na kinyume chake, kinachotafutwa peke yake, "keep things in proportion". La tatu si nahau hata kidogo. Mchoraji anayesema "the hands are out of proportion to the body" anazungumzia mikono na mwili, basi. Fungu hili litolewe mapema, la sivyo takwimu zote zitapotoka. Hata hivyo mfano mmoja wake umehifadhiwa, kwa sababu unaonyesha kihusishi ambacho nahau nayo hukitumia: "to". Mfano wa kufuata ni huu: "The reaction was out of all proportion to the offence." Neno "all" ni la kukazia tu, likiondoka, sentensi inabaki salama.

Mitego iliyoingizwa: "out of portion" (neno jingine kabisa, la mgao wa chakula na mengineyo), "out of proportions" kwa wingi, "blowed" badala ya "blew", na "blow up" peke yake, ambayo msomaji ataichukua kuwa mlipuko au hasira. "Blow up out of proportion" ipo na inaeleweka, lakini "up" haiongezi kitu.

Safu ya lawama ina jambo la kuzingatia. Kauli ya kutendwa, "this has been blown out of proportion", humficha mkuzaji. Ndiyo maana inapendwa na wasemaji wa taasisi zilizobanwa: inapunguza kosa na kumlaumu mtu asiyetajwa kwa pumzi moja. Anayeandika ripoti ya haki asiitumie kwa sauti yake mwenyewe. Ainukuu ikiwa ni ya msemaji. Yeye ana "disproportionate", neno kavu lakini la kuaminika, hasa kwa mambo ya adhabu na matumizi ya nguvu.

Ushauri wetu kwa mwanafunzi ni kuanza na "keep things in proportion" na "lose all sense of proportion" kabla ya nahau yoyote yenye picha. Hazina mnyama wala chombo, hazichakai haraka, na zinaingia katika barua rasmi bila kuchekesha.

Toleo 0.4: kifusi cha fuko na kikombe cha chai

"Make a mountain out of a molehill" ni ya zamani. Maneno haya yamo katika tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, iliyosimamiwa na Nicholas Udall, ya mwaka 1548, na pale yanaandamana na nahau nyingine kongwe zaidi: kumfanya nzi kuwa tembo. Hiyo ya tembo ilijulikana kwa Wagiriki na Warumi, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika Kirusi, na Kijerumani pia, ila huko mdudu ni mbu. Waingereza wamebaki na mlima.

Safu ya maana ilileta ubishi kidogo. "Kufanya kichuguu kuwa mlima" inasikika vizuri na inaeleweka papo hapo, lakini kichuguu ni cha mchwa na kinaweza kumpita mtu kimo, ilhali "molehill" ni kifusi cha udongo kinachotifuliwa na fuko, ambacho kwa kawaida hakifiki hata gotini. Ukali wa nahau uko kwenye udogo huo. Kichuguu kimebaki kwenye safu, na tanbihi imeeleza ukubwa wa kitu chenyewe.

Sarufi: kihusishi ni "out of", si "from" wala "to". Umoja na wingi vyote vinakubalika, mradi vilingane: "a mountain out of a molehill", "mountains out of molehills". "Molehill" ni neno moja. Sahani: wasiwasi au malalamiko ya mtu dhidi ya tatizo lenyewe. Anayelaumiwa yupo na anajulikana, kwa sababu kitenzi "make" kinadai mtenda.

Hapo ndipo inapoachana na "a storm in a teacup". Dhoruba haina mtenda. Ni mtafaruku wa watu kadhaa, ndani ya duara dogo, ambao walio nje hawaoni sababu yake, na ambao utatulia au umekwisha tulia. Kwa hiyo vitenzi vyake ni "be", "prove to be" na "turn out to be": "The row over the seating plan turned out to be a storm in a teacup." Mtu mmoja anayekesha akiwaza kipele shavuni hana dhoruba ya kikombe, huyo ana mlima na kifusi. Vibainishi viwili vya "a" ni vya lazima katika umbo la kawaida, na ndivyo vinavyodondoka mara nyingi kwa anayeandika kutoka Kiswahili, lugha isiyo na kitu hicho.

Nchi: Uingereza husema "storm" na "teacup", Marekani husema "tempest in a teapot", yaani birika la chai. Usichanganye ukapata "tempest in a teacup" kwenye maandishi yenye tahajia ya Kimarekani. Si kosa la kufisha, lakini huonekana. Cicero, mnenaji wa Roma ya kale, alikuwa na yake, ya mtu aliyeibua mawimbi ndani ya kata ya kuchotea. Imo kwenye tanbihi kwa anayependa mambo ya kale. Mwanafunzi anaweza kuiruka.

"Much ado about nothing" imeongezwa hapa kwa mstari mmoja. Tofauti yake ni kwamba sahani ya pili ni tupu: si jambo dogo, ni hakuna jambo. Usiitumie palipo na kosa la kweli, hata kama ni dogo, kwa sababu utakuwa umelikana.

Toleo 0.5: nyundo, kipepeo na "overkill"

Kundi hili hupima chombo au hatua dhidi ya kazi. Hisia hazihusiki. Hakimu mtulivu kabisa anaweza kutumia "a sledgehammer to crack a nut".

"Sledgehammer" ni nyundo kubwa ya mpini mrefu, ile ya kupasulia mawe na kubomolea kuta. "Nut" si karanga ya kumenya kwa vidole. Ni kokwa gumu la kuvunjwa kwa koleo lake. Hili lina maana, kwa kuwa nahau haisemi kazi haihitaji chombo. Inasema ipo nguvu inayofaa, na iliyotumika imepita. Lord Diplock, jaji wa Uingereza, aliligusa hilo hasa katika kesi ya R v Goldstein, iliyoripotiwa 1983, alipoifasiri kanuni ya uwiano kwa Kiingereza cha kawaida: usitumie nyundo ya mvuke kuvunja kokwa ikiwa koleo la kokwa lingetosha. Sehemu ya pili ndiyo kiini cha hoja. Anayelalamikia sheria au hatua kwa nahau hii ajiandae kuulizwa koleo lake ni lipi. Akikosa jibu, nahau imemgeuka.

Sarufi yake ni huru kuliko inavyodhaniwa. "Use a sledgehammer to crack a nut" ni umbo kamili, lakini kitenzi huachwa mara kwa mara: "A total ban is a sledgehammer to crack a nut." "Walnut" badala ya "nut" inakubalika.

"Overkill" ni neno, si kifungu, ila limeingizwa kwa kuwa linafanya kazi ile ile kwa sauti nyepesi. Lilienea katika zama za silaha za nyuklia, likimaanisha uwezo wa kuangamiza kupita unaohitajika kumwangamiza adui. Leo ni la kila siku: seva tatu kwa tovuti ya kurasa mbili ni "overkill". Kosa linalojirudia ni "an overkill". Neno halihesabiki: "it's overkill", "a bit of overkill", basi. Wala halifanywi kitenzi kwa maana hii. "They overkilled the problem" haisemwi.

"Break a butterfly on a wheel" ina mtego mkubwa kuliko zote za kundi hili. Gurudumu hapa si la gari. Ni gurudumu la mateso, ambalo mhukumiwa alifungwa juu yake na kuvunjwa viungo. Mstari unatoka kwa mshairi Mwingereza Alexander Pope, 1735. Tarehe 1 Julai 1967 gazeti The Times la London liliufanya kichwa cha tahariri, iliyoandikwa na mhariri wake William Rees-Mogg, kuhusu kifungo cha miezi mitatu alichopewa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, kwa vidonge vinne vya amfetamini. Sahani zake ni ukatili wa adhabu na unyonge wa anayeadhibiwa, kwa hiyo haifai kwa programu ya kompyuta iliyo nzito mno wala kwa bajeti. Rejista ni ya juu: tahariri, insha, hotuba. Katika barua pepe ya kazini itaonekana imevaa joho.

"Over the top" imewekwa hapa kwa muda. Inapima namna ya kufanya jambo dhidi ya hadhi ya tukio: mavazi, mapambo, pongezi, makaripio. Ni ya mazungumzo, na Uingereza huifupisha OTT. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza "go over the top" ilikuwa kutoka handakini kumkabili adui, na maandishi ya historia bado yanaitumia hivyo. Isichanganywe na "over the moon", ambayo ni furaha tu.

Jaribio la tukio moja

Kuhakiki safu ya sahani, tukio moja limetungwa, kisha kila nahau inaulizwa inakamata kipande gani.

Barua ya ofisi imetoka bila nukta mwishoni. Mkuu wa idara anasema sifa ya ofisi imeharibika. Anaamuru kila barua, hata ya kuagiza karatasi, ipitiwe na watu watano kabla ya kutumwa. Wafanyakazi wanarushiana maneno siku mbili, kisha yanaisha. Jarida la ndani linaandika kwamba idara iko katika mgogoro.

Wasiwasi wa mkuu: "He made a mountain out of a molehill." Amri ya watu watano: "a sledgehammer to crack a nut", au kwa wenzake wa meza ya jirani, "overkill". Siku mbili za kurushiana maneno: "a storm in a teacup". Habari ya jarida: "blown out of proportion". Ukizungusha nahau hizi, sentensi nyingi zitabaki sahihi kisarufi na zitakosea maana. "The five-person check was a storm in a teacup", kwa mfano, inasema kwamba utaratibu ule ulikuwa ugomvi, na kwamba umekwisha. Kumbe bado upo na unaendelea kuchelewesha barua.

Jaribio hili limebakizwa ndani ya kamusi kama zoezi, kwa sababu linafundisha haraka kuliko fasili.

Toleo 0.6: sehemu na nzima, na upande wa udogo

"The tail wagging the dog": sehemu ndogo inaiongoza nzima, kama pale fomu ya malipo inapoamua mradi utafanywaje. Hutokea zaidi kama "a case of the tail wagging the dog". Inapima madaraka, si kelele.

"Penny wise and pound foolish": uangalifu kwenye senti, ubadhirifu kwenye mafungu makubwa. Hutumika kama kivumishi na haihitaji kibainishi mbele yake.

"A drop in the ocean" kwa Uingereza, "a drop in the bucket" kwa Marekani. Hii haisumbui, Kiswahili kina tone la maji baharini, na wasomaji wa Isaya 40:15 wanalijua tone la ndoo. Jambo la kukumbusha ni moja: sahani ya pili itajwe, "compared with what is needed", la sivyo msomaji hajui bahari ni ipi.

Toleo 0.7: kumwambia nani

Safu hii iliongezwa baada ya nyingine zote, na huenda ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa mtu wa kazini. Nahau za kundi hili si maelezo tu. Ni hukumu juu ya kipimo cha mtu mwingine. "You're making a mountain out of a molehill" kwa mteja aliyelalamika inamwambia kwamba tatizo lake halina maana na kwamba yeye hajui kupima. Jibu la malalamiko lisiwe nayo, hata kwa upole, hata ikiwa ni kweli.

Nafsi ya kwanza hugeuza mambo. "I don't want to make a mountain out of a molehill, but the figures on page 3 don't add up" ni njia ya adabu ya kuleta lalamiko, na Waingereza huitumia sana. Mfasiri ajihadhari: baada ya "but" hiyo huja jambo ambalo msemaji analiona zito. Akitafsiri mwanzo tu, atampa mkuu wake picha kwamba hakuna tatizo.

"Overkill" kwa kazi ya mwenzako husameheka ikitanguliwa na kipunguzi: "that might be overkill for what we need". "Might be" inafanya kazi kubwa hapo, na mifano yote ya kamusi imepewa kipunguzi cha namna hiyo isipokuwa ile ya uandishi wa maoni, ambako ukali ndio unaotakiwa.

Yaliyobaki kwa 0.8

"Punch above one's weight" bado haijapewa mahali. Inatoka kwenye ngumi, ambako mabondia hugawanywa kwa uzito, na sahani zake ni wazi: mafanikio dhidi ya ukubwa. Lakini ni sifa. Nahau zote zilizotangulia hulaumu au hudogosha, na msomaji aliyezoea mkondo huo ataisoma vibaya, hasa akiliona neno "punch" na kudhani kuna ugomvi. Pendekezo lililopo ni kuipa sehemu yake, "hailingani, na ni vizuri", hata kama itakaa humo peke yake kwa sasa. "Make heavy weather of" (kulifanya jambo rahisi lionekane gumu) inasubiri mifano zaidi ya kauli ya sasa. Safu ya mitego ya "over the top" haijajazwa.